Mlinzi wa Ini la Mama

Mama alikubali kumeza dawa za kifua kikuu kwa sharti moja, kwamba ini lake lipate mlinzi. Hakuwa mtu wa masharti. Alikuwa ameishi na ugonjwa wa sukari miaka kumi na mitatu bila kelele, akimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, akila ugali wake mdogo wa wimbi na mboga tele, na akiwatania waliomhurumia kwamba yeye ni mtamu kuwashinda wote. Lakini siku tuliyotoka kliniki na mfuko wa tembe nyekundu, aliketi kwenye kiti cha marehemu baba akaniambia hatazigusa mpaka ajue nani atasimama mlangoni mwa ini.

Sikucheka, kwa sababu nilijua anamfikiria nani. Mlango wa tatu kutoka kwetu, hapa kwenye nyumba za reli za Makongeni, aliishi rafiki yake wa kanisani, mwenye sukari kama yeye. Mwaka uliotangulia rafiki huyo alipatwa na kifua kikuu, akaanza tembe hizo hizo, na baada ya wiki chache macho yake yakageuka manjano. Kuna waliosema ni malaria. Kuna waliosema shemeji zake wanajua zaidi. Mama ndiye aliyemwogesha siku za mwisho, na alirudi nyumbani akawa anaitazama mikono yake. Walimpeleka kwao magharibi kumzika. Kwa muda mrefu mlango ule haukupata mpangaji, na kila mama alipoupita akienda kuchota maji aliutupia jicho.

Kliniki nayo haikutuficha kitu. Mhudumu aliyetupokea, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alitueleza kwamba dawa hizo ni nzito kwa ini la mtu yeyote, na kwamba mtu aliyekaa na sukari miaka mingi huenda ini lake limeshachoka kabla hata hajaanza. Tuwe macho. Akikosa hamu ya chakula, akisikia kichefuchefu, macho yakibadilika, tusingoje kesho. Mkojo utakuwa mwekundu, alisema, hiyo ni rangi ya tembe, tusishtuke. Kisha akamkazia mama macho na kumkataza miti shamba ya kila aina. Baadhi ya mimea inayouzwa kwamba inalinda ini ndiyo inayolimaliza, alisema, na hakuna hospitali inayoweza kujua chupa ya mtu ina nini ndani yake. Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi namjua mama. Akiitikia kwa kichwa bila kutamka neno, ujue ameshaamua kinyume.

Kesho yake alinipeleka kwa mama mmoja muuza dawa za miti, aliyekuwa na kibanda nyuma ya maduka, si mbali na barabara ya Jogoo. Nilikwenda nikiwa nimekunja uso. Kazi yangu ni ukaguzi katika kiwanda cha nguo Industrial Area. Kutwa nzima napitisha mashati mikononi nikitafuta mshono uliokosewa, na tabia hiyo siiachi mlangoni mwa kiwanda. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mganga wa mabango, yule anayetibu mapenzi, kesi na sukari kwa kikombe kimoja. Nikamkuta mwanamke safi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, anayeuliza maswali mengi kuliko yule wa kliniki. Alimwuliza mama analala saa ngapi, anakojoa mara ngapi, miguu inakufa ganzi au la. Alimwambia waziwazi kwamba tembe za hospitali asiziache hata siku moja, kwa sababu mti wake hauponyi kifua. Kazi ya mti wake ni kulinda ini tembe zikipita.

Alitupimia unga wa magome na mizizi, wa rangi ya kahawia, akamimina kidogo kilichokwisha chemshwa ili mama aonje. Mama akaonja, akafumba macho kwa uchungu wake, akatabasamu. Kwetu sisi tumelelewa tukiamini kwamba uchungu hukata sukari na kuosha damu, na dawa isiyokunja uso haina heshima. Mimi nilikataa kuonja.

Halafu muuza miti akatupatia masharti yake. Dawa hii huchemshwa na mkono mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Anayeanza ndiye anayemaliza. Mwingine asiikoroge, asiipoze, hata kifuniko asikifunue. Mikono ikiwa miwili, alisema, hayo ni maji tu. Aliuliza ni nani nyumbani atakayechemsha. Mama hakufikiri hata kidogo. Alinishika kifundo cha mkono, akaunyanyua mkono wangu mbele ya yule mwanamke kama mtu anayeonyesha ufunguo wake.

"Ni huu," akasema. "Huu hauwezi kunidhuru."

Kaka yangu na mkewe walikuwa wakiishi kwenye fleti za Tassia, na wifi yangu huyo, msichana mpole mwenye imani na kila kitu, angefurahi kupewa kazi hiyo. Lakini alichaguliwa mwenye shaka. Nilirudi nyumbani nimebeba mfuko ule wa unga kana kwamba una nyoka.

Jioni ile ile nilimkuta binti wa nyumba ya nyuma yetu akianua nguo. Anasomea mambo ya maabara chuoni, na ni mtu wa kusema kweli hata pale ambapo hakuulizwa. Nilimweleza habari ya unga, nikitegemea anicheke ili nipate nguvu ya kumkatalia mama. Hakucheka.

"Si uongo, auntie," akaniambia huku akikunja shuka. "Hata sisi kwa lab tunafanya hiyo story. Unachukua panya, unampatia sukari, halafu unampatia dawa ya kuharibu ini, halafu unamkunywesha mti. Kuna miti inasaidia ini kabisa. Na kuna ingine inamaliza panya haraka kuliko hiyo dawa."

Nilimwuliza unajuaje huu ni upi.

"Mpaka umpasue," akasema.

Nimelala na maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo. Wakati ule yalinipa jibu nililolitaka. Mama hakuwa wa kupasuliwa ili tujue. Sikuweza kumpa unga ule, kwa sababu kliniki imeukataza na mwenye maabara hajui. Sikuweza kumnyima, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba bila mlinzi hamezi, na kifua kikuu kisichomezewa dawa kinaua, hilo halihitaji maabara. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, niliufunga mlango wa jikoni, nikachota unga kama nilivyoagizwa, nikaumwaga chooni na kufuatisha maji. Kisha nikabandika sufuria ya majani ya chai, mengi mno, pamoja na maganda ya limau, nikayaacha yachemke mpaka yakawa meusi na machungu kama nyongo. Yalipopoa nikayachuja kwenye jagi. Niliyaonja mwenyewe na ulimi ukakunjamana. Nikajisifu.

Mama alimimina nusu kikombe, akakinusa, akanywa. Nilisimama pale nikijifanya natafuta kitana.

"Ya leo si kama ile ya kibandani," akasema.

Nilimjibu kwamba pengine ile ilikuwa imekaa siku nyingi. Alinitazama kwa muda mfupi tu. Kisha akasema basi ni kwa sababu hii imechemshwa na mkono wa nyumbani, akamaliza kikombe, akazipanga zile tembe nyekundu mezani na kuzimeza moja moja. Nilitoka nje nikiwa na furaha ambayo leo naionea haya. Nilijiona mwerevu kuliko kliniki, kuliko kibanda na kuliko mama, na niliamini kwamba uongo wangu umemwokoa.

Ikawa ndiyo desturi ya kila asubuhi. Kikohozi kilipungua ndani ya wiki mbili. Jasho lililokuwa likimlowesha kitandani lilikoma, na mama akaanza kuonekana kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa. Aliwasimulia wote habari za mlinzi wake. Mkojo ulipogeuka mwekundu kama tulivyoambiwa, yeye alisema ni taka za ini zinazotolewa, na hakuna aliyeweza kumwambia vingine. Walikuja kunitazama mikono, wengine kwa utani na wengine bila utani. Mmoja aliniuliza kama ningeweza kumchemshia mumewe. Nilimjibu kwa ukali hata mama akamwomba radhi kwa niaba yangu.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nililiona bila kuliona. Mama alikuwa na magoti mabaya. Miaka yote alikuwa akiyalalamikia, hasa miezi ya baridi, na alikuwa na kawaida ya kuupiga mkono wa kiti kila aliposimama. Sasa alisimama bila kuupiga. Alipanda ngazi za kwenda kumwona kaka yangu ghorofa ya nne kule Tassia na kushuka akitabasamu. Nilidhani ni afya inarudi. Mkaguzi mzima wa mashati, mshono umekosewa mbele ya macho yangu, na mimi naupitisha.

Unga ulipokuwa ukielekea kwisha, kwa hesabu ya muuza miti, mama alinituma nikachukue mwingine. Nilikwenda peke yangu. Muuza miti alinipokea vizuri, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikamwambia ni mzima, hata magoti hayamsumbui tena. Alikuwa akifunga unga kwenye karatasi. Akaacha kufunga.

Aliniuliza kama mama anameza dawa za maumivu. Nikasema sijui, sidhani. Akaniambia nimwulize vizuri, na nimwambie asiongeze kidonge kingine chochote juu ya vile vya kliniki, kwa sababu mtu mwenye mlinzi huanza kuacha mlango wazi. Alirudia mara mbili kwamba nisisahau. Niliitikia kwa kichwa, kama mama anavyofanya. Nilikuwa nikiitazama ile karatasi na kuwaza jinsi nitakavyokwenda kuimwaga, na maneno ya mwanamke yule yalikuwa yamekwisha hesabiwa pamoja na unga wake. Yote niliyaona uchafu. Nilifika nyumbani nikaweka mfuko kabatini na sikumwuliza mama kitu.

Wiki ya sita alianza kuacha chakula. Alisema ugali unanuka. Siku iliyofuata alisema samaki ananuka, kisha sabuni, kisha mimi. Tulicheka kwa hilo la mwisho. Nilimwuliza kama anasikia kichefuchefu, akasema kidogo tu, ni dawa inafanya kazi, na akaniomba nimwongezee kikombe cha jioni mbali na kile cha asubuhi. Nilimchemshia. Nilisimama jikoni siku hiyo nikikoroga majani ya chai na nikasikia hofu, hofu ya kweli, lakini sikuipa jina. Nilijiambia kwamba angalau hanywi unga. Chochote kinachomsumbua si ule unga, kwa hiyo si kikubwa.

Nilijaribu kuchungulia mkojo wake, mambo ambayo mtoto hapendi kumfanyia mzazi. Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu tangu siku ya kwanza, na kama ulikuwa umeanza kuwa mweusi ndani ya wekundu huo, mimi nisingejua. Nilijifariji kwamba ni tembe. Macho yake niliyatazama chini ya taa ya sebuleni, na taa yetu ni ya manjano, na kila kitu chini yake ni cha manjano, hata ukuta.

Wifi yangu ndiye aliyeona. Alikuja Jumapili mchana na watoto, akamtoa mama nje kwenye jua amsuke nywele. Nilikuwa ndani nikiosha vyombo. Nilimsikia akinyamaza katikati ya hadithi. Aliingia jikoni polepole, akasimama nyuma yangu, akaniambia kwa sauti ya chini nitoke nikamwangalie mama machoni. Nilitoka na mikono ikidondosha maji. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, ameinua uso kwangu akitabasamu, na weupe wa macho yake ulikuwa umekwenda. Nilimwona rafiki yake wa mlango wa tatu ameketi pale.

Tulimpeleka hospitali bila kummalizia nywele. Njiani alikuwa ametulia kuliko sisi. Alinipigapiga paja akaniambia nisiogope, yule mwenzake hakuwa na mlinzi, yeye anaye. Wifi yangu alinitazama, na mimi nikaangalia dirishani.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alimbonyeza mama tumbo upande wa kulia, akamnyoosha mikono mbele aone kama inatetemeka, akamwuliza leo ni siku gani na tuko wapi. Walitoa damu, wakapima na sukari, ambayo ilikuwa imeshuka chini kuliko ilivyopaswa. Majibu yalipokuja, daktari alisema ini limeumia vibaya, na kwamba tembe za kifua kikuu zisimame mara moja, zote. Halafu akavuta kiti akaketi karibu na kitanda. Wifi yangu alikuwa nje na watoto, kwa hiyo tulikuwa watatu tu.

Alimwuliza mama ametumia miti shamba gani. Mama alisema hakuna.

Alisema hivyo bila kupepesa, mwanamke ambaye hajawahi kudanganya hata wakusanya sadaka. Nilielewa mara moja. Alidhani nikitajwa nitalaumiwa, kwamba mkono uliochemsha ndio utakaoshikwa. Alikuwa akinilinda. Daktari hakumwamini; alikuwa akilisikia jibu hilo kila siku ya kazi yake, ilionekana. Akanigeukia mimi.

"Dada, nikikosea hapa nitamtibu kitu ambacho hana," akasema. "Amekunywa nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mwisho wake unaweza kuwa kando ya kitanda cha mama yako naye anakukonyeza unyamaze. Nilitamani sana kunyamaza. Kama ningesema ndiyo, miti shamba, lawama yote ingemwendea mwanamke wa kibandani, mama angeendelea kuniamini, na ningebaki binti mwema. Ila daktari angetafuta sumu kwenye unga uliokuwa ukipita kwenye mabomba ya choo kila asubuhi, na kitu halisi kilichokuwa kikimwua mama kingebaki pale kilipo. Nilijua hayo yote kwa pamoja.

"Majani ya chai," nikasema. "Majani ya chai na maganda ya limau. Mama alipewa dawa ya miti, lakini nilikuwa naimwaga. Hajawahi kunywa hata tone."

Mama aligeuza kichwa juu ya mto akanitazama. Sikuweza kumwangalia, nilimwangalia daktari. Daktari alionekana kuchanganyikiwa kidogo, kisha akarudi kazini kwake. Basi kuna kitu kingine, alisema. Alimwuliza mama kama kuna vidonge vingine amekuwa akimeza, vyovyote, hata vya dukani.

Mama aliuomba mkoba wake. Nilimpa. Akatoa kutoka chini, chini ya leso na kitabu cha nyimbo, makaratasi ya vidonge vya maumivu yaliyokwisha tobolewa, mengi, yamefungwa kwa mpira, pamoja na mengine ambayo bado yalikuwa na vidonge. Yalikuwa ya aina mbili. Aliyaweka juu ya blanketi.

"Ni magoti," akamwambia daktari, si mimi. "Mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni. Siku za baridi nazidisha. Zamani nilikuwa naogopa, kwa sababu ya ini. Lakini si nilikuwa na mlinzi."

Daktari aliyachukua makaratasi yale akayahesabu kwa kidole, akaandika. Alitueleza kwamba hawezi kusema ni tembe, ni hivyo vidonge, au ni vyote kwa pamoja juu ya ini la mtu mwenye sukari, ila sasa anajua pa kuanzia na dawa ya kumpa. Nilimfuata mpaka kwenye korido. Nilimwuliza swali ambalo bado nalibeba: kama angekunywa ule unga, je, ungemlinda? Alisimama. Nadhani aliona uso wangu, maana hakunijibu kwa haraka yake ya kawaida. Alisema hajui. Pengine ungelinda, pengine ungekuwa umemzika tayari, hakuna ajuaye kilichokuwemo. Kisha akaitwa kitanda kingine.

Niliporudi mama alikuwa ametazama dari. Nywele zake zilikuwa vile vile, nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Nilianza kueleza. Nilisema juu ya kliniki, juu ya binti wa maabara na panya wake, juu ya jinsi nilivyoogopa asizimeze tembe. Nilisema kila kitu isipokuwa kwamba muuza miti alikuwa amenionya juu ya vidonge vya maumivu, na kwamba sikumfikishia mama onyo hilo. Hilo sijamwambia hadi leo ninapoandika. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo wiki zote hizo nilikuwa peke yangu," akasema.

Nilimwambia hapana, nilikuwepo, nilikuwa namlinda. Akafumba macho.

Alikaa wodini karibu mwezi. Kulikuwa na siku mbili ambazo hakutujua, aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki akiwa msichana, na muuguzi alituambia tuwaite wa kuitwa. Kaka yangu alilia kwenye ngazi. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira iliyokauka, nikiwakasirikia wauza vidonge wa vioski, kliniki, kibanda, na binti wa nyumba ya nyuma na shuka zake, na kila hasira ilipomaliza mzunguko ilirudi kukaa kwangu. Halafu siku ya tatu mama aliuliza kama kuna uji. Manjano yalianza kumtoka polepole, kwanza usoni, mwisho machoni.

Nilimpelekea uji kila siku nikitoka kazini. Alinishukuru kila siku. Alikiweka kikombe juu ya kabati la kando ya kitanda, akaniuliza habari za kiwanda, akanicheka pale panapochekesha. Nilipoondoka kikombe kilikuwa bado kimejaa. Uji wa wifi yangu, uliotoka Tassia kwenye chupa ya chai, aliumaliza. Mwanzoni nilidhani ni ladha. Nikamwuliza wifi yangu anatia nini, akanitajia, nikapika sawasawa na wake, nikautia kwenye chupa inayofanana na yake. Mama akanishukuru, akakiweka kikombe juu ya kabati.

Hatukugombana hata siku moja. Watu wa kanisa waliokuja kumwona walisema mama huyu ana bahati ya binti. Alikubaliana nao. Muuza miti alituma salamu kupitia mmoja wao, akiuliza kama lile onyo lilifika, na mjumbe hakuelewa ni onyo gani. Nilisema ndiyo, lilifika. Tangu hapo nikienda kazini napita njia ya kuzunguka.

Alipopata nafuu ya kutosha tulirudi naye kliniki ya kifua kikuu. Kifua kilikuwa bado hakijapona, dawa ilikuwa lazima, na hakuna njia nyingine. Mhudumu wa safari hii alikuwa mwanamume mzee, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitueleza kwamba wataanza upya, tembe moja, kupima damu, kisha ya pili, kupima tena, taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema hatari haijaisha. Ini likiumia mara ya pili huenda lisingoje mtu kufika hospitali. Kwa hiyo, alisema, lazima pawe na mtu mmoja wa nyumbani atakayesimamia, atakayemwona akimeza kila tembe, atakayejua kila kitu kinachoingia kinywani mwa mgonjwa, na ambaye mgonjwa hatamficha lolote wala yeye hatamficha mgonjwa. Alifungua kadi mpya, akashika kalamu, akauliza ni nani.

Nikasema ni mimi, binti yake, tunaishi nyumba moja. Akaanza kuandika. Mama aliunyoosha mkono, mkono uliokuwa umebaki mifupa, akauweka juu ya kadi.

"Huyu ni binti yangu kweli," akamwambia kwa upole. "Lakini andika mke wa mwanangu."

Yule mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akafuta kile alichokuwa ameanza. Akamwomba mama nambari ya simu ya huyo mke wa mwanawe. Mama hakuikariri, kwa hiyo nikamtajia mimi, tarakimu moja moja, naye akaandika.